Nilivyofikisha ng'ombe Kangari kwa breki ya exhaust baada ya kijana yangu kuweka gari free

Vijana wenye pickup za dizeli, hii ni yenu. Wakuu wengine mmekaribishwa pia, lakini nyinyi vijana msisome mkirukaruka mistari.

Mimi ni mama mzee wa hapa upande wa Mweiga. Shule nilisoma kidogo, halafu nikaambiwa nikalishe ng'ombe. Kwa hivyo kama kuna mwalimu wa Kiswahili humu, apite polepole.

Nitasema kile niliona na macho na kile nilishika na mikono. Kitu sikuona, sitaongeza.

Hii akaunti nilifunguliwa na mjukuu, lakini naandika mwenyewe, na kidole moja. Mtavumilia.

Sasa mnisikize.

Niko na pickup ya dizeli, double cab, ya zamani lakini injini yake ni nzima. Niko pia na trela ya ng'ombe, ile ya kuvutwa nyuma. Mzee wangu alipofariki, hiyo gari ilikaa chini ya mabati kuku wakilala ndani, mpaka nikachoka kuiangalia. Nikaenda shule ya kuendesha gari nikiwa tayari nyanya ya watu. Walinicheka. Leseni nilipata.

Nabeba viazi, nabeba nyasi, nabeba ng'ombe. Siogopi gari.

Kitu naheshimu ni mteremko.

Watu wengi wanafikiri shida ya kuvuta trela ni kupanda. Hapana. Ukipanda na gari ishindwe, inasimama, unatafuta jiwe unaweka nyuma ya tairi, basi. Kushuka ndio kazi. Ukishuka, ile mzigo haivutwi tena, inakusukuma. Na kama mzigo ni ng'ombe, hiyo mzigo iko na miguu. Ukikanyaga breki kwa nguvu inaanguka na magoti. Kama iko na mimba, unaweza kufika na ng'ombe bila ndama.

Trela yangu haina breki yake. Wengi wenu zenu pia hazina, msijifanye.

Ndio nilienda kwa fundi mmoja wa lori huko Karatina. Nikamwambia nataka kitu ya kushika gari kwa mteremko bila kuchoma breki na bila kuangusha mnyama. Akacheka. Akasema, "Cucu," yaani nyanya, "wewe unataka exhaust brake kama watu wa lori."

Kwa wale hawajui: ni kifuniko inawekwa ndani ya bomba ya moshi. Unabonyeza swichi. Ukitoa mguu kwa mafuta, kifuniko inafunga, moshi inakosa njia ya kutoka, injini inakuwa nzito, na gari inashikwa. Ni kama mtu anakimbia halafu umfinye pua na mdomo. Atapunguza mwendo, apende asipende.

Fundi aliweka. Akatuita sisi wawili, mimi na kijana yangu Wachira, akasema mbele yetu, "Hii kitu inafanya kazi gari ikiwa kwa gia peke yake. Ukikanyaga clutch, imekuacha. Ukiweka free, imekuacha. Hapo inabaki mapambo."

Wachira alikuwa anakula mahindi choma. Akaitikia na kichwa.

Kumbe aliitikia mahindi.

Nikafanya mazoezi. Kwanza trela ikiwa tupu, halafu na viazi. Inanguruma, hiyo siwafichi. Jirani yangu mmoja alisimama kwa fence akauliza, "Mama Wachira, umenunua lori ama pickup imeshikwa na kifua?" Nikamwambia afunge mlango asiambukizwe.

Sasa ile safari yenyewe.

Niko na msichana anaitwa Wangechi. Ameolewa Kangari. Alijifungua msichana wa pili, na kwetu msichana wa pili anachukua jina ya mama ya mama yake. Huyo mtoto anaitwa Nyambura, na Nyambura ni mimi. Mtu aliyebeba jina yako huendi kumwona ukitingisha mikono.

Wengine wanapeleka shuka, unga ya uji na ndizi. Hiyo ni sawa. Lakini nilijua kitu moja kuhusu hiyo nyumba. Wangechi anaishi katikati ya chai na anakunywa turungi, chai bila maziwa. Maziwa ananunua kwa kikombe, na sasa ananyonyesha. Nikasema mimi nitapeleka maziwa ikiwa bado ndani ya ng'ombe.

Niko na mori moja mzuri, ng'ombe ambayo haijazaa hata mara moja, na ilikuwa na mimba kubwa. Mama yake nilikuwa naikamua mpaka mikono inauma. Daktari wa mifugo aliipima akasema inaweza kusafiri, bora tusiirushe rushe. Ruhusa ya kuhamisha mifugo tulikuwa nayo, kwa hivyo wale wa kuuliza hiyo muulize ingine.

Hiyo ng'ombe ndio nilikuwa nayo. Hakukuwa na ya pili ya kupeana. Ikianguka njiani, nimemaliza.

Asubuhi ya safari nimevaa nguo ya kanisa, nimefunga kitambaa, niko na ufunguo mkononi, Wachira akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Mami, leo huendeshi."

"Kwa nini?"

"Utafika aje kwa wakwe ukishuka kutoka kwa steering? Watasema Mama Wachira alikosa vijana."

Nilifikiria, nikaona ana maneno. Kwa wakwe mama anafika akiwa amekaa, anafunguliwa mlango, wanawake wanampokea na nyimbo. Hafiki akinuka dizeli. Nikampa ufunguo.

Na Wachira si dereva mbaya, hiyo simnyimi. Amebeba kabeji miaka mingi akipeleka Nairobi. Yuko na bibi na watoto. Si kijana wa kuchezacheza.

Lakini yuko na urithi wa baba yake. Akifika mteremko anatoa gia. Free.

Mnajua vile tuko huku. Mtu wa huku anapenda kitu ya bure, na mteremko tunahesabu ni bure. Baba alifanya, kijana akaona, kijana ya kijana naye anaangalia. Nimesikia watu wakijisifu sokoni ati, "Mimi nimetoka juu mpaka chini bila kutumia dizeli." Wanapigiwa makofi.

Nisubirini kidogo, ng'ombe zinaniita.

Nimerudi.

Tungepita barabara kubwa mpaka Kenol halafu tugeuke tupande Kangari. Ni mbali lakini ni pole. Wachira akasema tupite ndani, Othaya, Kiriaini, tuendelee na huko huko, ni karibu. Kwa yule hajui huko: ni mgongo baada ya mgongo, na kati ya kila mgongo kuna mto. Unashuka mpaka daraja, unapanda, unashuka tena.

Mteremko wa kwanza, akatoa gia.

Nikamwambia, "Wachira, rudisha gia."

"Mami, si exhaust iko on? Angalia taa."

Kweli taa ndogo kwa dashboard ilikuwa inawaka. Alikuwa amebonyeza swichi tangu nyumbani, akaiacha hapo.

"Taa iko on lakini gari haijashikwa. Weka gia."

"Mami, free inaokoa dizeli, na exhaust inashika. Tumepata zote mbili."

"Hujapata hata moja. Weka gia."

Akaweka, lakini na ile kuguna ya mtu mzima akitumwa. Tukaenda hivyo. Kila mteremko nasema, anaweka.

Tukapita Kiriaini. Mbele kuna mteremko mmoja mrefu, wa lami, kona juu ya kona, na chini kabisa kuna daraja nyembamba. Kabla ya daraja kuna kituo cha chai, pale wakulima wanapeleka majani wakingoja lori ije kuchukua. Pembeni kuna uwanja, lori ya chai inageukia hapo.

Tulipoanza kushuka nilikuwa nimegeuka nyuma, naangalia ng'ombe kwa dirisha. Ilikuwa imepanua miguu, imesimama vizuri. Nikaridhika.

Halafu nikasikia injini imenyamaza.

Vijana, shikeni hiyo. Gari ya dizeli ikishuka na mzigo, inatakiwa kulia. Ikilia, kuna mtu ameshika mzigo. Ikinyamaza, hakuna mtu.

Nikageuka mbele. Mkono wa Wachira ulikuwa juu ya gia, na gia ilikuwa katikati. Taa ya exhaust inawaka vizuri kabisa.

"Wachira!"

"Ni hapa tu, Mami, ni kona mbili tu."

Akakanyaga breki kabla ya kona, tukapita. Akakanyaga tena, tukapita. Kona ya tatu nikasikia harufu, kama pasi imesahauliwa juu ya sweta. Trela ikatupiga kumbo kutoka nyuma. Nikasikia miguu ya ng'ombe ikigonga mbao, du-du-du.

Wachira akaanza kukanyaga breki mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anapiga pampu ya baiskeli.

"Mami, breki imekuwa laini."

Hakuwa ananiambia kama dereva. Alikuwa ananiambia kama mtoto.

Chini niliona watu wa chai. Wengine wameketi juu ya magunia kando ya barabara, mama mmoja amepumzika na kikapu bado mgongoni. Nilijua hatutasimama na breki hizo, na nilijua kama atakata steering na ile mwendo, trela itapinduka na ng'ombe yangu ndani, na sisi tufuate.

Nikanyosha mkono nikakalia honi. Sikuitoa.

Nikamwambia, "Weka gia!"

Akajaribu ya pili, ikakwaruza, ikakataa.

"Haiingii!"

"Si hiyo! Gari inakimbia, tafuta gia ya kukimbia. Ya nne! Piga mafuta kwanza, injini iamke, halafu sukuma!"

Akapiga mafuta. Injini ikapanda. Akakanyaga clutch, akasukuma. Ikaingia.

"Sasa achilia clutch polepole. Toa mguu kwa mafuta. Toa miguu yote!"

Kutoa miguu wakati gari inakimbia hivyo si rahisi. Mwili unataka kukanyaga kitu. Lakini alitoa.

Na ndio ile kifuniko ikafunga.

Gari ililia! Ilinguruma mpaka nikahisi kwa meno. Nikasikia tumeshikwa kutoka mbele, si kwa kurushwa, ni kama mtu mwenye nguvu ameshika gari kwa shati na hataki kuachilia. Ng'ombe haikuanguka. Hiyo ndio nilikuwa nasikiliza, na sikusikia kishindo.

"Ya tatu. Fanya vile vile. Mafuta, clutch, sukuma, toa miguu."

Ya tatu ikaingia. Gari ikalia zaidi. Mwendo ukapungua, unaona miti moja moja sasa.

Mimi nikashika handbrake. Sikuvuta yote, kwa sababu ukifunga tairi za nyuma trela inakuja kukusalimia na ubavu. Nilivuta kidogo, nikaachilia kidogo, nikavuta.

Watu wa chai walikuwa wamesikia honi, wameruka juu ya ukingo na vikapu vyao. Ya pili ikaingia karibu na kituo. Nikamwonyesha na kidole ule uwanja wa lori. Akaingia polepole, tukapanda kidogo kwa majani, tukasimama.

Daraja ilikuwa hapo mbele. Tungefika kwa hiyo mwendo, singekuwa naandika.

Nilishuka kabla Wachira azime injini. Nikaita watu, "Mawe! Wekeni mawe kwa tairi!" Wakaweka.

Moshi ilikuwa inatoka kwa tairi za mbele. Mwanamume mmoja akaja mbio na mtungi wa maji anataka kumwaga hapo.

Nikamwambia, "Wewe! Weka hiyo maji chini!"

"Lakini cucu, inaungua!"

"Haiungui, imepata joto. Chuma ikiwa moto ukiimwagia baridi inapasuka, na bado naitaka. Peleka maji kwa ng'ombe."

Akapeleka. Nikamsikia anaambia mwenzake, "Huyu ni mama ama ni chifu?"

Nikapanda kwa trela. Ng'ombe ilikuwa imesimama inatetemeka. Imechubuka goti moja kidogo. Nikaangalia nyuma yake, hakuna damu, hakuna maji. Nikaongea nayo na Kikuyu, kwa sababu Kiswahili haijui. Nikaweka mkono kwa ubavu wa kulia, chini, nikangoja.

Nilingoja na moyo wangu ukipiga mpaka nikakasirikia moyo, unyamaze nisikie.

Halafu ndama ikapiga teke.

Nikashuka. Wachira alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono kwa magoti. Yule mama wa kikapu alikuwa amesimama juu yake anamwangalia.

Akaniuliza, "Huyu ni wako ama umemwazima?"

"Ni wangu."

"Pole. Kama ungekuwa umemwazima ningekwambia rudisha."

Watu wakacheka. Hata Wachira alicheka kidogo, lakini midomo yake ilikuwa bado nyeupe.

Akaniambia, "Mami, tutafute lori ibebe ng'ombe. Breki zimekufa."

"Hazijakufa. Zimechoka. Zinapoa."

"Baba alitufundisha free."

"Baba yako alikuwa anabeba viazi. Hakuwa anavuta ng'ombe na trela. Mwache alale."

"Na taa ilikuwa inawaka, Mami. Niliona taa."

Hapo nikakaa naye kwa hilo jiwe, kwa sababu niliona hasemi ujeuri, anasema kweli. Nikamwambia, "Taa inawaka hata gari ikiwa imesimama nyumbani kuku wakilala ndani. Inakuambia umebonyeza swichi. Haikuambii injini imeshika tairi. Tairi na injini zinashikana kwa gia. Ukitoa gia, injini iko kwake na tairi iko kwake. Sasa exhaust ishike nini?"

Akageuka akaangalia gari.

"Na hiyo dizeli unaokoa, hukuwa unaokoa. Ukiwa kwa gia na umetoa mguu kwa mafuta, mlima ndio unazungusha injini, haipewi dizeli. Ukiwa free, inabidi inywe ndio isizime. Muulize fundi."

Akasema, "Sikujua."

"Sasa unajua."

Sikusema zaidi. Mtu akiwa chini huongezi jiwe.

Tulikaa hapo mpaka lori ya chai ikaja ikajaza ikaenda, na sisi bado tuko. Yule mama wa kikapu alitupatia ndizi zilizochemshwa. Tairi zilipoa mpaka unaweza kuweka mkono karibu. Nikakanyaga pedali, ikarudi juu, ngumu. Mafuta ya breki ilikuwa haijavuja. Nikazungusha gari hapo kwa uwanja polepole nikikanyaga na kuachilia mpaka nikaridhika. Nataka mjue hivyo: kama pedali ingebaki laini, singeondoka hapo, hata kama wakwe wangelala njaa. Na nikirudi nyumbani fundi alifungua breki zote, akabadilisha mafuta ndani. Msisome hii mkafikiri breki iliyochemka inaponywa na maombi.

Nikafungua kitambaa ya kichwa nikaiweka nyuma ya kiti. Nikanyosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Mami, na wakwe?"

"Wakwe wanangoja ng'ombe. Hawangoji kitambaa."

Wachira akapanda upande wa abiria. Yule mwanamume wa maji akaondoa mawe, akapiga saluti. Alikuwa ananichezea, lakini nikaipokea.

Sasa vile niliendesha, msikilize, kwa sababu ndio sababu ya hii uzi.

Kabla mteremko haujaanza, nikiwa bado juu, naweka gia. Singoji gari ikimbie ndio nitafute. Kama ule mlima ningeupanda na gia ya pili, naushuka na ya pili. Nabonyeza exhaust. Natoa mguu kwa mafuta, natoa kwa clutch. Injini inalia na mimi naiacha ilie, haiumii. Injini iliyo na afya inaumia na mafuta mbaya na kukosa oili, haiumii na kupiga kelele. Breki ya mguu nakanyaga mara moja moja, nashika vizuri, naachilia ipoe. Siweki mguu hapo juu kama mtu amelalia mto.

Ng'ombe ilikuwa imesimama tu. Mara nyingine naangalia kwa kioo naona masikio yake.

Wachira alikuwa ameshika mlango. Mteremko wa tatu akauachilia.

Akasema, "Kumbe hivi ndivyo inashika."

Nikamwambia aangalie nyuma anisomee ng'ombe.

Lakini kuna kitu ingine, na hii vijana wengi hawaambiwi. Karibu na Kangari tuliacha lami, na mvua ya huko mnaijua, haina adabu. Barabara ilikuwa tope nyekundu. Hapo nilizima exhaust. Wachira akashtuka, "Mami, mbona unazima tena?"

Kwa sababu exhaust inashika tairi zile zinasukuma gari, za nyuma peke yake. Kwa lami kavu ni sawa. Kwa tope, ukizishika ghafla zinateleza, na gari ikiteleza nyuma, trela inakunja mnaangaliana uso kwa uso. Kwa tope ni gia ya kwanza, mguu mwepesi, na subira. Ile kitu imekuokoa mchana inaweza kukumaliza jioni kama hutumii akili.

Tulifika.

Wanawake wa huko walikuwa kwa gate wanaimba. Wakaona gari inaingia, wakaona nani ameshika steering, wimbo ukakatika katikati. Nilishuka na nguo ya kanisa iko na tope mpaka magoti, kichwa wazi, mikono inanuka dizeli.

Mama mkwe wa Wangechi akaweka mkono kwa mdomo. "Kumbe dereva ni wewe, mama?"

"Dereva alichoka."

Akaangalia Wachira. Wachira akaangalia viatu. Halafu huyo mama akacheka mpaka akashika gate, akasema, "Basi Nyambura wetu tumemtambua. Huyu mtoto hata kulala anakataa kubebwa, kumbe ni wewe." Wakarudia wimbo kutoka mwanzo, na nguvu kuliko ile ya kwanza.

Nikanawa mikono na sabuni mara mbili, nikapewa mtoto. Wangechi alikuwa amesimama kwa trela ameweka paji la uso kwa shingo ya ng'ombe. Sikumwambia maneno ya daraja hiyo siku. Wachira mwenyewe alimwambia, baadaye, na hakujipunguzia.

Ng'ombe ilizaa salama. Ndama ni dume, lakini maziwa ni maziwa. Turungi imeisha kwa hiyo nyumba.

Sasa funzo, nisiwachoshe.

Exhaust brake ni kitu kizuri. Ukivuta trela na gari ya dizeli huku kwetu, weka. Lakini si malaika wa kukaa juu ya gari. Inafanya kazi ukiwa kwa gia na miguu yako ikiwa imetoka kwa clutch na kwa mafuta. Taa isikudanganye, sikiliza injini. Kama hailii, hujashikwa. Na usikubali kufundishwa na mtu ati alifanya free miaka mingi na hakuna kitu ilimpata. Alikuwa hajafika mteremko wake.

Wenye automatic, mimi sijui zenu zinafanyaje, mtueleze hapa. Wenye trela ziko na breki zake, semeni mliweka wapi na kama inasaidia, kwa sababu nafikiria kuweka. Mafundi mlio humu, kama nimekosea mahali, nisahihisheni mbele ya watu, sitakasirika. Na kama kuna mtu breki zilimlainikia mlimani akapona, aandike alifanya nini. Kuna kijana atasoma hapo na atarudi kwao.

Tuliporudi Mweiga niliita watu wangu wote wenye leseni kwa boma: Wachira, ndugu yake, na mjukuu yule amepata yake juzi. Niliwasimamisha mbele ya gari, nikawaambia hivi:

"Mtashuka kila mlima na gia mngepanda nayo, na injini ilie nisikie. Yule anaona dizeli ni ghali aache ufunguo kwa meza, ashuke na miguu."